Mbio Ndefu Hazikimbiwi Siku Moja

Katika miaka ya karibuni limezuka miongoni mwa watumishi wa umma na walimu jambo ambalo wazee wao hawakulijua. Mwalimu aliyeshika chaki wiki nzima, au karani aliyeinamia majalada tangu Jumatatu hadi Ijumaa, hujiandikisha katika mbio za marathoni, hulipa kiingilio, hupewa fulana na namba ya kifuani, kisha siku ikifika husimama mstarini pamoja na umati wa wenzake kungoja mlio wa kuanzia. Na huyo huyo, Jumapili nyingine, huitoa pikipiki yake uani, si kwa kutafuta abiria wala kwa kufuata mzigo, bali kwa kujiburudisha tu: kwenda kutazama bwawa, msitu, au rafiki aliyehamishiwa wilaya ya jirani.

Jambo hili halifai kubezwa. Mtu afanyaye kazi ya akili ana haki ya kuupumzisha ubongo wake, na mwili usiotumika huota kutu kama jembe lililoachwa uani. Lakini lazima isemwe wazi kwamba wengi huyafanya mambo haya mawili pasipo maandalizi. Kukimbia kilomita 42 na mita 195 bila kujiandaa ni kuuonea mwili, na kupanda pikipiki kwa safari ndefu bila kujiandaa ni kuichezea roho. Kama kuna mahali katika nchi hii ambapo somo la maandalizi limeandikwa ardhini, basi mahali hapo ni Tabora, na kitabu chake ni ile njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

Njia hiyo ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Leo msafiri huipita akiwa amesinzia katika basi au katika behewa la reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo hapakuwa na chombo ila miguu. Mwingereza Richard Burton, pamoja na mwenzake Speke, aliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kuingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Safari hiyo ilimchukua siku 134. Vitabu vingi vimemsifu Burton kwa safari hiyo, ilhali kazi yenyewe ilifanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa, nao ni wapagazi.

Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana pwani yote. Mtu mmoja alibeba begani mzigo wa takriban kilo 30, uwe pembe ya ndovu, jora la merikani au mfuko wa shanga, na juu ya mzigo huo aliongeza mkeka wake, sufuria na chakula chake. Hakubeba mzigo huo kwa siku moja ya sherehe, bali kwa miezi. Aliwezaje? Jibu ni kwamba kazi hiyo ilikuwa na kanuni zake. Msafara uliondoka alfajiri kabla jua halijawaka, na mara nyingi ulipiga kambi kabla ya adhuhuri. Mbele alitangulia kirongozi, mwenye bendera, na hapana mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Palipokuwa na maji walipumzika, na walipofika Unyanyembe walikaa siku nyingi kabla ya kuianza sehemu iliyobaki. Aidha, Wanyamwezi wengi walisafiri wakati wa kiangazi na kurudi mvua ilipokaribia ili wawahi mashamba yao. Walijua kwamba mwili una majira yake kama shamba lilivyo na majira yake.

Mtu anayejiandaa kwa marathoni leo akiulizwa kanuni za mafunzo, atataja mambo yale yale: kutoka mapema kabla ya joto, kwenda kwa mwendo unaopimwa, kutompita kirongozi kwa ushindani wa kitoto, kunywa maji, kupumzika, na kuupa mwili msimu. Wataalamu wa viwanja vya riadha wameyaandika kwa takwimu na michoro, lakini mpagazi aliyajua kwa nyayo zake.

Hata hivyo, ingekuwa dhambi kuipamba njia hii kwa maua matupu. Haikuwa uwanja wa michezo. Pamoja na wapagazi waliokwenda kwa ujira, walipita humo watu waliofungwa minyororo, waliotolewa makwao kwa nguvu ili wauzwe. Wengine hawakufika. Kwa hiyo mtumishi anayekimbia leo asubuhi katika barabara iendayo Kwihara, akiwa amevaa viatu vya mpira na akiwa huru kurudi nyumbani wakati wowote apendao, anafanya kwa hiari katika ardhi ambayo wengine waliitembea kwa kulazimishwa. Jambo hilo halimzuii kufurahi, ila linamtaka asiichukulie miguu yake kuwa kitu cha bure.

Kwihara ipo kilomita chache tu kutoka mjini Tabora. Hapo ndipo Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872 baada ya kukutana Ujiji mwaka uliotangulia, na tembe lao limehifadhiwa kuwa makumbusho. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, akina Chuma na Susi pamoja na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita Unyanyembe, na kufika Bagamoyo mwezi Februari 1874, safari ya takriban miezi tisa. Wageni huja Kwihara kwa sababu ya Livingstone. Yafaa watoto wa Tabora wafundishwe kuja hapo kwa sababu ya waliombeba pia.

Nchi hii haikukosa warithi wa miguu hiyo. Kila mwalimu amepata kuwasimulia wanafunzi wake habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea huku mguu umefungwa bendeji, na kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akiwa wa 57 na wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Habari hii husimuliwa kana kwamba ni ya huruma, ya mtu dhaifu aliyejikokota. La hasha! Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyejiandaa, na ni maandalizi hayo yaliyompa uwezo wa kumaliza siku ile bahati ilipomkataa. Mtu asiyejiandaa akiumia hukaa chini kando ya njia, na hana sababu ya kuinuka.

Mfano wa pili ni Juma Ikangaa. Mwaka 1988 katika mbio za Boston alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akawa wa pili tena huko huko, na mwaka 1990 akawa wa pili kwa mara ya tatu. Lakini kati ya kushindwa huko, mwezi Novemba 1989, alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Anakumbukwa duniani kote kwa kauli yake kwamba hamu ya kushinda haina maana iwapo mtu hana hamu ya kujiandaa. Wako wanaoibandika kauli hiyo ukutani pasipo kumjua mwenyewe kuwa ni Mtanzania.

Na mfano wa tatu ni wa juzi tu. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, mkoa unaopakana na Tabora kwa upande wa mashariki, alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Akangoja miaka minane. Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, aliingia uwanjani sambamba na Mjerumani Amanal Petros, na wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iamue, nayo ikampa Simbu ushindi, na Tanzania ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42, tofauti ilikuwa sehemu ndogo ya sekunde. Nani atasema kwamba asubuhi moja ya mazoezi, ile ambayo mtu angeweza kubaki kitandani, haina thamani?

Mtumishi wa Tabora hatakimbia kama Simbu, wala hatakiwi. Kinachotakiwa ni aichukue kazi ya maandalizi kwa uzito ule ule anaouweka katika mpango wa masomo au makisio ya fedha ya ofisi. Mathalani, tuseme mwalimu amekusudia kukimbia Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Akihesabu wiki 16 nyuma ataona kwamba hana budi kuanza mapema Novemba. Na Novemba ndiyo Tabora huanza kupata mvua, ambazo huendelea hadi Aprili. Kwa hiyo maandalizi yake yote yataangukia katika matope. Mpagazi wa zamani alikuwa na busara ya kurudi shambani wakati kama huo. Mwalimu wa leo hana hiari hiyo, maana tarehe imepangwa Moshi.

Lakini kalenda hiyo ina heri yake. Mwezi Novemba, shule zikiwa bado zimefunguliwa, mbio ndefu ya wiki yaweza kuwa kilomita 12, kisha 14, kisha 16, na wiki ya nne kurudi 12 ili mwili upumue. Mwezi Desemba shule hufungwa. Hapo ndipo mwalimu anapopata asubuhi zake mwenyewe, na hapo ndipo panapofaa kupandisha kutoka kilomita 18 hadi 24, daima akipumzika kila wiki ya nne. Januari shule zikifunguliwa, kazi ya kupokea wanafunzi wapya huwa nyingi, na wengi hukatia tamaa hapo. Aliyetumia Desemba vizuri huweza kushikilia, akafika kilomita 30 mwanzoni mwa Februari, mara moja tu, kisha akapunguza wiki mbili au tatu za mwisho. Kupunguza huku ndiko kunakowashinda watu wengi. Hudhani kwamba kupumzika ni uvivu, wakakimbia kwa nguvu hadi siku ya mwisho, na kufika mstarini wamekwisha choka. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anajulikana kwa kila mwalimu. Basi mwalimu asiwe mwanafunzi huyo.

Liko jambo jingine la kueleweka. Nguvu itumikayo katika kukimbia hutokana kwa sehemu kubwa na wanga uliohifadhiwa katika misuli na katika ini, na akiba hiyo kwa watu wengi hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Hapo ndipo mkimbiaji hujikuta ghafla miguu imekuwa magogo. Ugali, viazi vitamu na wali vilivyo katika kila nyumba ya Tabora vyatosha kuijaza akiba hiyo, na hakuna haja ya kutafuta unga wa kopo kutoka ng'ambo. Kinachohitajika ni kuula mlo huo kwa wakati, kujizoeza kula kidogo na kunywa njiani, na kuanza polepole. Kipimo cha mwendo wa mazoezi ni rahisi: mtu awe anaweza kuzungumza na mwenzake pasipo kuhema. Asiyeweza kuzungumza amempita kirongozi, na faini yake ataitoa mbele ya safari. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Aidha, Tabora ipo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, lakini ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, ilhali Moshi ina miinuko. Anayejizoeza katika tambarare tupu atashangaa akifika huko. Vilima vya mawe vilivyo kandokando ya mji havikuwekwa pale kwa kupigia picha tu.

Wapo watakaosema: mambo haya ni ya vijana, mtumishi wa miaka 45 ana shughuli zake. Jibu ni kwamba hapana anayelazimishwa kukimbia marathoni. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Shinikizo la damu na kisukari havichagui cheo. Mtu aliyezaliwa katika ardhi ya wapagazi, ambaye leo hupanda chombo kwenda dukani mita 300 kutoka nyumbani, anapaswa kujiuliza urithi wake ameuweka wapi. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha katika shule ya St. Mary's ya mji huo huo, alikuwa Rais wa nchi alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba 1967, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Angeweza kupanda gari.

Sasa yafaa kusema habari za pikipiki, kwa sababu wapo watakaodhani kwamba aliyesifu miguu sharti alaani injini. Sivyo. Kwa vijana wengi wa Tabora pikipiki ni riziki, na kwa mganga wa zahanati ya mbali ni njia ya kumfikia mgonjwa. Lakini pikipiki pia ina furaha yake ya halali. Atokaye Tabora kuelekea Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, au akielekea kusini Sikonge kupitia misitu ya miombo, anaisikia harufu ya mvua ya kwanza na ya maua yanayofuatwa na nyuki, vitu ambavyo abiria aliyefungiwa dirisha la basi havipati. Anaweza kusimama chini ya mwembe mkongwe, akajua kwamba miembe mingi iliyo kando ya njia ile inahusishwa na misafara ya kale. Anaweza kununua asali kwa aliyeirina. Hii ni elimu, na ni burudani iliyo njema kuliko kushinda kilabuni.

Hata hivyo, furaha hiyo yadai maandalizi kama yale ya mbio. Anayekwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 kila sekunde. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika ili breki zisimamishe chombo huwa si mara mbili bali mara nne. Hii ni hesabu ambayo mwalimu wa fizikia huifundisha darasani, kisha Jumapili huisahau barabarani. Mchanga wa Tabora wakati wa kiangazi, na utelezi wa udongo mweusi wa mbugani wakati wa mvua, huongeza umbali huo tena.

Kwa hiyo kabla ya safari mpanda pikipiki hana budi kukagua matairi, breki, mnyororo, mafuta ya injini na taa. Hana budi kuwa na leseni ya chombo hicho. Hana budi kuvaa kofia ngumu, na kuifunga mkanda wake kidevuni, kwa maana kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Wako wanaoivaa wakiona askari na kuitundika kwenye usukani wakimpita. Askari hana hasara. Hasara ni ya kichwa. Na jua likikaribia kuchwa, safari ya burudani iwe imekwisha, kwa kuwa usiku barabara za Unyamwezi huwa na ng'ombe, mikokoteni na baiskeli zisizo na taa. Mpagazi alipiga kambi mapema ingawa alikuwa na mwendo wa kilomita tano kwa saa. Mwenye kwenda kilomita 80 ana sababu kubwa zaidi ya kupiga kambi mapema.

Je, mtu mmoja aweza kuyachanganya mambo haya mawili? Aweza, ila kwa mpango. Kuendesha pikipiki kwa muda mrefu si kupumzika, ingawa mtu ameketi. Kiuno, mabega na viganja hufanya kazi, nyonga hukaza kwa kukunjwa, na upepo huukausha mwili pasipo mtu kuhisi jasho. Kwa sababu hiyo, anayetarajia kukimbia kilomita 24 Jumapili asiende Urambo na kurudi kwa pikipiki Jumamosi. Na lililo la hatari zaidi ni kinyume chake: kukimbia mbio ndefu asubuhi, kisha kupanda pikipiki mchana. Mtu aliyechoka huchelewa kuona na huchelewa kushika breki. Mpango ulio salama ni kuiweka safari ya pikipiki katika ile wiki ya nne, wiki ya mapumziko, wakati mbio ndefu imepunguzwa, na kuacha siku nzima kati ya mambo hayo mawili. Hivyo pikipiki huwa zawadi ya mkimbiaji badala ya kuwa mshindani wake.

Tena liko jambo ambalo halina budi kutajwa mbele ya watumishi wa umma. Maofisa ugani na maofisa elimu wa kata wengi wamepewa pikipiki kwa fedha za umma ili wawafikie wakulima na shule za mbali. Pikipiki hizo si za kwenda kutazama bwawa. Anayetaka kuburudika aburudike kwa chombo chake na kwa mafuta aliyoyanunua kwa mshahara wake. Lita moja ya petroli ya serikali iliyokwisha katika matembezi ya Jumapili ni shule moja isiyokaguliwa Jumatatu. Wala haisaidii kusema kwamba wengine hufanya zaidi. Mpagazi aliyeiba kitambaa kimoja hakujitetea kwa kusema kwamba msafara ulikuwa na majora mengi.

Limebaki swali la nini kifanyike. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ni karatasi. Njia huishi ikipitiwa. Haihitajiki fedha nyingi ili shule za Tabora ziwe na siku moja kila mwaka ambapo wanafunzi na walimu wao watakimbia au kutembea kutoka mjini hadi Kwihara, wakasomewa hapo habari za wapagazi na za watumwa, kisha wakarudi. Haihitajiki tume ili wenye pikipiki wa mkoa mmoja wapange safari ya pamoja ya mchana kufuata kituo baada ya kituo, kwa mwendo wa taratibu na kofia zao vichwani. Kiangazi cha Juni, shule zinapofungwa, kinafaa kwa yote mawili. Tabora imewahi kupokea mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA; haiwezi kushindwa kuandaa mbio za watoto wake wenyewe.

Na mwalimu ndiye wa kuanza. Mtoto hasikii sana anayoambiwa kuhusu mazoezi, ila huona. Akimwona mwalimu wake saa kumi na mbili asubuhi, katika manyunyu ya Desemba, anakimbia taratibu akielekea Kwihara, na wiki mbili baadaye akamwona tena mahali pale pale, na mwezi uliofuata bado yupo, atakuwa amefundishwa somo ambalo halimo katika muhtasari wowote. Akimwona Jumapili anakagua mnyororo wa pikipiki yake na kufunga mkanda wa kofia kabla ya kuwasha injini, atakuwa amefundishwa la pili.

Waliopita njia hii zamani hawakuambiwa lini watafika. Waliujua mzigo, waliijua kambi ya usiku ule, na waliijua alfajiri ya kuondoka. Mtumishi anayeanza maandalizi yake Novemba hana zaidi ya hayo, na hayo yanatosha.